Nimemsingizia Mama kwa Wanakwaya Wenzangu

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana shimo nimejichimbia mwenyewe. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, mama yangu ni msusi na hurudi jioni sana kutoka saluni, kwa hiyo nikitoka shule namlea mdogo wangu wa kike ambaye tunamwita Meneja, maana hata kutembea hajajua vizuri lakini kutuamrisha anajua. Mwaka huu nilijiunga na kwaya ya shule, na Shangazi, nilikuwa nimefika mahali sitaki kula wala kuongea na mtu, lakini siku niliyopewa kuanzisha wimbo nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani. Tatizo mazoezi ni baada ya masomo, nikaanza kukosa, nikajua ndiyo basi tena. Wenzangu wakaniambia, "Kama huwezi kuja, tutakuja sisi," na kweli wakaja, hata mwenzetu tunayemwita Mrefu, ambaye kwao wana gari na dereva, wakaimba uani kwetu, majirani wakatoa viti nje, Meneja akalala mapajani mwa Mrefu, na mama aliporudi akafurahi mpaka akawasuka wawili bure. Nilishukuru hadi machozi yakanitoka.

Lakini sisi tumepanga vyumba viwili, choo tunachangia na wapangaji wote na mlango wake hauna komeo, ukiwa ndani lazima uimbe ili watu wajue kuna mtu, na Mrefu akauliza, "Choo kiko wapi?" Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Alipotoka akaendelea kuimba na wenzake, ila kesho yake nikawaambia wote kwamba mama amekataza wasije tena, eti kelele zinamsumbua. Wakanionea huruma, wakarudi kufanya mazoezi shuleni, mimi nikabaki kubembeleza mtoto. Mama kila siku ananiuliza, "Mbona wenzako hawaji? Kuna mtu amewaudhi?" Sasa wamenitumia ujumbe kwamba Jumamosi wanakuja wote kumwomba mama msamaha kwa kelele zao. Nifanyeje, Shangazi? Nijifanye mgonjwa?

Mwanakwaya Mwongo

Marahaba, mwanangu. Ujifanye mgonjwa? Ili wabebe matunda waje kukuona, uongo mmoja uzae wa pili? Hebu niondolee balaa.

Kwa hicho choo nimecheka, usininunie. Mwenzako aliuliza kwa sababu alibanwa, hakuja kukagua. Wewe ndiye uliyejikagua kwa macho yake, ukajifelisha. Sikudanganyi kwamba haiumi kuona mwenzio ana dereva na wewe komeo tu huna. Inauma. Lakini mama yako ana kosa gani? Mwanamke anasimama siku nzima, anarudi anakuta ua umejaa watoto wa watu, badala ya kufoka anashika kitana upya. Huyo ndiye uliyempaka matope! Hapo nimekukasirikia kweli.

Sasa sikiliza. Leo hii, mama akishavua viatu na kunywa chai yake, mwambie, "Mama, nilikusingizia." Usizungukezunguke. Atafoka, mwache afoke, ana haki. Kesho shuleni waambie wenzako wote kwa pamoja, siyo Mrefu peke yake pembeni, "Mama hakukataza, niliona aibu ya kwetu." Atakayecheka acheke, utakuwa umeshamjua. Halafu nenda kwa mwalimu wa kwaya umweleze kwamba una mtoto wa kulea. Siku nyingine mazoezi yawe kwenu, siku nyingine uende shuleni na Meneja wako, hao wenzako wana mapaja ya kutosha. Na ile hali ya kutokula na kutoongea usiifiche tena, ikirudi mwambie mama siku hiyohiyo.

Jumamosi waache waje, ila msamaha si wao wa kuomba. Fagia ua mapema, wewe, usimwachie mama. Nyumba nzuri wanazo, mwanangu, wameshazizoea. Wamekatiza mitaa kuja huko kwa sababu wanakutaka wewe. Wakishakaa usiwatolee hotuba. Waambie asante, mama yako akiwa anasikia, kisha anzisha wimbo.