Hema Moja na Mama Mkwe

Kaskazini ya Norway, Februari

Mwaitu, mama yangu,

Habari ya huko nyumbani Kola? Magoti yanaendeleaje na hizo asubuhi za kupanda kilima? Ile dawa ya kupaka niliyotuma ilikufikia, ama ilikwama dukani kwa kaka Kioko? Nilisikia mbaazi zimekubali mwaka huu, nikafurahi mpaka Ingrid akauliza mbaazi ni nani. Mimi niko hai. Naanza na hilo kwa sababu wiki iliyopita sikuwa na hakika nalo, na ndiyo maana leo naandika, sipigi simu. Simu yako unaiweka sauti ya juu, Mwaitu, jikoni wote wanasikia, na haya si mambo ya kusikika na wake za kaka zangu. Barua hii nampa jamaa mmoja wa Syokimau anayekuja likizo, aiache kwa Kioko hapo mjini. Isome peke yako. Miwani ikikataa, mwite Mueni tu, maana huyo dada yangu anajua kufunga mdomo.

Ingrid mke wangu hajambo. Mtoto anatarajiwa mwezi ujao na tayari anapiga mateke ya kutosha timu nzima. Lakini mimi silali vizuri, na nitakwambia sababu.

Hawa watu wako na desturi yao. Baridi ikifika pale ambapo hata mate yanaganda, wanatoka kwa nyumba yenye joto wanaenda mlimani kulala kwa hema. Hakuna mtu amewafukuza. Wanasema ni kupumzika! Kila mwaka Ingrid huenda na baba yake. Mwaka huu na hilo tumbo akaniomba mimi niende mahali pake, nizoeane na mzee kabla mtoto hajaja. Nikakubali. Asubuhi ya safari gari likasimama mlangoni, na aliyekuwa kwa usukani ni mama mkwe wangu. Jina lake sitaliandika, unajua kwa nini. Mzee ameamka na homa, akasema. Tutaenda sisi wawili.

Aii! Ningesema nini, na Ingrid amesimama hapo anatabasamu? Nikapanda gari, nikakaa kiti cha nyuma, kama abiria.

Sasa usikie. Hawa wanabeba vitu vyepesi kupita kiasi, na kila kitu kinapimwa kwa mizani. Jiko la gesi linaingia ndani ya sufuria, sufuria inaingia ndani ya kofia. Mswaki wake ameukata mpini ili upungue uzito, haki ya Mungu. Hema likikunjwa ni kama pakiti ya sukari ya kilo mbili. Tukatembea kwa theluji mpaka jua likazama, na huko jua linazama wakati watoto wa huko bado wako darasani. Akatoa hiyo pakiti, akaisimamisha. Nikangoja. Nikamuuliza hema la pili liko wapi. Akaniangalia. "La pili la nini? Ni uzito wa bure."

Mwaitu, roho yangu ilishuka mpaka kwa viatu. Nilimkumbuka Baba, alivyokuwa akimwona Susu, mama yako, akitokea mbele kwa njia. Alikuwa anaingia kichakani na baiskeli na gunia la mahindi, miiba na yote, mpaka Susu apite. Hata jina lake hakulitaja mpaka akazikwa. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya kumkwepa mkwe, niliyolelewa nayo. Mtu hali chakula na mama mkwe, sembuse kulala naye hema moja, bega kwa bega, mahali ambapo mmoja akigeuka lazima wa pili ageuke!

Basi nikadanganya. Nikamwambia sisi Wakamba tunapenda kulala nje, tunaangalia nyota. Mimi! Mimi niliyekuwa namwamsha Kioko anisindikize chooni! Akafikiria kidogo, akasema sawa, hata kwao wako wanaopenda. Akanichimbia shimo kwa theluji, akanitandikia magodoro mawili ya povu, lake na langu, na yeye akabaki na begi lake la kulalia juu ya mifuko mitupu. Begi langu lilikuwa limejazwa manyoya ya bata bukini, jepesi ajabu. Akaniambia jambo moja, na alilirudia: "Pua na mdomo viwe nje. Ukipumulia ndani, manyoya yataloa, na yakiloa hayana kazi tena."

Nikasema ndiyo. Nikamsikia anafunga zipu ya hema.

Lakini mwili una mafunzo yake. Wewe ulitufundisha baridi ya Julai ikifika ni kujifunika gubigubi, kichwa ndani, blanketi umelikunja chini ya miguu. Hata sijui nilifanya saa ngapi. Nilishtuka nikiwa ndani kabisa, kichwa na kila kitu, nimepumua humo kwa muda mrefu, na kitambaa karibu na uso kimeganda kigumu. Nikagusa kifuani. Manyoya yalikuwa yamelala chini kama ya kuku aliyenyeshewa. Joto lilikuwa limeisha.

Nilitetemeka mpaka meno yakaniuma. Miguu nilikuwa naisikia, baadaye siisikii. Nilijua hema liko hapo, ningeweza kulirushia kofia. Nikasema nivumilie, kutapambazuka. Nikasema bora baridi kuliko aibu. Mwaitu, niliogopa kufa, lakini niliogopa zaidi kupiga hodi. Halafu kutetemeka kukaacha. Nikaanza kujisikia vizuri tu, joto limerudi, hata nikafikiria nifungue zipu nipate hewa. Kulikuwa na sauti ndogo ndani yangu ikisema huyu mtoto wako hatakujua. Hiyo ndiyo ilinitisha kweli. Nikapiga kelele. Sikuita jina la mtu huyo, nisingeweza. Nilikuita wewe. "Mwaitu!" Niliita kama mtoto aliyeanguka kisimani.

Zipu ikafunguka. Alitoka na soksi, hakungoja viatu. Alinivuta na begi na yote kama gunia, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akaniingiza hemani. Alinivua soksi. Akaangalia vidole vyangu kwa tochi, na uso wake ukabadilika. Kisha, Mwaitu, akapandisha sweta yake akaweka nyayo zangu kwa tumbo lake, ngozi kwa ngozi, akazikumbatia.

Nimeandika. Sasa unajua.

Nilitaka kuivuta miguu, sikuwa na nguvu. Nikafunga macho nikalia. Akauliza ni maumivu? Nikamweleza kwa Kinorwe changu kilichovunjika, yote, Susu na baiskeli na kichaka. Nilifikiri atacheka. Hakucheka.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniheshimu," akasema.

"Ndiyo."

"Heshima hiyo ingeniachia mjukuu bila baba."

Alishika miguu yangu hivyo hivyo mpaka kukapambazuka, na alikuwa anatetemeka yeye sasa.

Daktari anasema vidole viwili vya mguu wa kushoto tuvipe muda. Havijapata hisia, lakini havijaoza. Hilo linanisumbua kidogo tu. Linaloninyima usingizi ni mtoto. Nyinyi wenyewe mlituambia anayevunja nthoni hupata thavu, laana ya mwiko, na thavu hiyo inaweza kumfuata mtoto. Nikisikia Ingrid amekohoa naruka kitandani. Nikimwona ameshika mgongo, naona nyayo zangu kwa lile tumbo la mama yake. Tangu turudi, mama mkwe akipiga simu kuuliza vidole, namrushia Ingrid simu na kutoka nje. Ingrid amekasirika, anasema mama yake anadhani amenikosea. Yeye! Muulize mjomba, yule anayeongoza vikao vya ukoo, lakini muulize kana kwamba ni habari ya mtu wa mbali. Nilisikia zamani kuna mbuzi wa kuondoa nthoni. Kama yuko, Kioko amtafute, rangi yoyote mtakayosema.

Nisalimie Kioko kaka yangu, umwambie asifungue barua za watu. Nisalimie Mueni na watoto wake, na mjomba, na majirani wote wanaokuchotea maji magoti yakikataa.

Jambo la mwisho. Jumamosi hii mama mkwe anakuja kula kwetu. Ingrid ameshapanga meza, viti vitatu. Najua barua hii itakufikia wakati atakuwa ameshakula na kwenda zake, na jibu lako litakuwa limechelewa. Nimelifikiria sana. Nitakaa, Mwaitu. Nitakaa meza moja naye na nitakula. Na kama ni makosa, omba yanishike mimi, yasimguse mtoto.

Mwanao anayeogopa,
Mutua