Merikebu Zilizovunjika Esion-geberi

Baba,

Mzee Kilonzo wa darasani kwako alikuja nyumbani Jumamosi. Alikaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako, nami sikumwambia.

Tangu ututoke, chumba cha darasa lako la Biblia pale kanisani Richfield kimebaki kimefungwa. Bado nakuona umesimama mbele yetu, mwalimu wa historia uliyestaafu Iringa ukaja kuvaa makoti mawili Minnesota, ukitueleza habari za merikebu ambazo mfalme Sulemani aliziunda bandarini Esion-geberi zimletee dhahabu kutoka Ofiri. Ulisema Waisraeli walikuwa watu wa milimani. Waliojua bahari ni Wafoinike, mabaharia wa mfalme Hiramu wa Tiro. Kisha ukasema wachimbaji wa mambo ya kale hawajapata hata ubao mmoja wa merikebu zile. "Huenda zilikuwepo. Lakini siwezi kuwaambia nimeziona."

Mzee Kilonzo akasimama. "Sasa Mwalimu, ukituondolea Sulemani, kesho utatuondolea nani?" Wengi wakatoka naye. Wewe ulifuta ubao polepole.

Ulipougua, alinipigia simu. Alitaka kuja mpatane, ila barabara zilikuwa mbaya. "Theluji ikipungua nitakuja." Nilipokwambia ulitabasamu, ukaniuliza kama majani ya chai yapo. Hukuiona theluji ikipungua, Baba. Yeye alikuja msibani, akashika jeneza, akashindwa hata kuomba.

Jumamosi alifungua Biblia yake mezani, akanisomea mahali Yehoshafati, mfalme wa baadaye, naye alipounda merikebu za kwenda Ofiri kuchukua dhahabu, zikavunjika palepale Esion-geberi kabla ya kusafiri. Akavua miwani. "Kitabu chenyewe hakikuficha merikebu zilizovunjika. Mimi nilikuwa naogopa nini? Mwalimu hakutuondolea kitu. Alitaka tusome."

Maneno hayo hayakuwa yangu, Baba. Yalikuwa yako. Niliyasikia kwa masikio yangu huku moyo ukiuma kwamba uliyasubiri kimya kimya, na yamefika kwa mtu mwingine. Laiti baridi ingalipungua hata wiki moja tu, mkaonana.

Ameomba nilifungue tena darasa lako na kuliongoza. Nilisema mimi ni nesi, historia siijui. Akasema, "Basi tutasoma sote, mama."

Lala salama, Baba yangu. Nakuahidi Jumapili nitafika mapema, niwashe hita na kufungua mlango, Mzee Kilonzo asije akasubiri nje kwenye baridi.

Mwanao,
Neema