Bosun Asizikwe Bila Mimi

Kambini, Alberta

Mama mpendwa,

Barua yako imefika. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kuchomelea mabomba kwenye baridi. Poleni kwa kufiwa na Bosun. Mbwa yule alikuwa wa nyumba nzima.

Najua unataka nafasi ya samaki wako kwenye friza mlimomweka. Lakini udongo wa kwetu Newfoundland utakuwa umeganda kwa barafu, mgumu kama chuma, mpaka Mei, na Baba kasema Bosun hazikwi bila mimi. Basi avumiliwe humo humo, pamoja na nyama ya mawindo.

Ila Mjomba Ambrose asifungue tena friza peke yake. Nimewasomea wenzangu ulivyoandika, kwamba alishafika mlangoni na kifurushi, akisema, "Dada, paja hili limenona," na Baba akamwambia, "Weka chini, shemeji. Huyo ni Bosun." Walicheka mpaka chai ikamwagika. Garfield, tunayelala naye chumba kimoja, akasema, "Kaka, nikija kwenu nitakula mkate tu."

Nilicheka nao. Jioni tukala samaki, na nilipovua koti nikakuta ngozi ya samaki mfukoni. Nilikuwa nimemwekea Bosun, kama nilivyozoea mezani kwetu. Hapo ndipo nilipolia, Mama.

Mwambie Baba anisubiri. Nakuja Mei, na kaburi nitachimba mimi. Ngozi ile nimeiweka kwenye friza ya mpishi wa kambi. Amenuna, lakini nimemwambia ina mwenyewe.

Mwanao,
Cyril