Mwanangu Anasema Mikono Yake Mibovu

Pumwani, Nairobi
12 Juni 1957

Bwana Mshauri,

Salaam nyingi, na baada ya salaam naomba unisaidie maana mambo yamenizidi na humu ndani sina wa kumweleza. Mimi ni fundi cherehani, nashona barazani kwangu, na nina binti mmoja, Lela, wa miaka sita, ambaye toka mdogo hutumia mkono wa kushoto, na mimi sikujali kwa sababu mtoto alikuwa hodari, kwenye mdako hata wakubwa zake hawamwezi, akirusha kijiwe juu, kabla hakijashuka ameshazoa kokoto zote shimoni, na ule mtaro wa nyuma ya nyumba alikuwa akiuruka huku anaimba. Sasa mwezi uliopita mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Mombasa, wageni wakaletewa halua, Lela akatia mkono wa kushoto sahanini mbele ya watu, basi mama mkwe akaniambia, "Shamsia, mtoto huyu hukumfunza adabu," nikaona haya mpaka jasho likanitoka, na jioni ile ile nikachukua magauni yake yote matatu nikayashona mikono ya kushoto, nikaiziba kabisa mwishoni, nikasema atazoea wa kulia.

Bwana Mshauri, hakuzoea. Vikombe anaviangusha, uji unamwagika, siku ya nne aliruka mtaro akaanguka akachanika kidevu kwa sababu mkono wa kujizuia hakuwa nao, na toka hapo haruki tena, anasimama ukingoni kungoja abebwe, mdako hataki hata kuutazama, na wenzake wakimwita anajibu, "Mikono yangu mibovu." Mwezi ujao anatakiwa kuanza chuoni, kusoma Kurani, naye anasema haendi, watoto watamcheka. Mume wangu Mahmud anasema nifumue. Mama mkwe, ambaye bado yupo, anasema nivumilie, hivyo ndivyo walivyofunzwa wote. Nifanye nini?

Shamsia

JIBU

Bi Shamsia,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Haya ya ile halua naielewa. Mbele ya mama mkwe nani asiyetoka jasho? Lakini loo, mama mzima, tena fundi, unamziba mtoto mkono kama mfuko wa mchele, halafu unashangaa anamwaga uji! Hebu jifunge wewe mkono wa kulia, ushone gauni moja tu, kisha uniandikie tena.

Umechanganya mambo mawili. Kula na kupokea kwa mkono wa kulia ni adabu, na adabu mtoto hufunzwa kwa maneno, hata mara mia: akitia wa kushoto sahanini, mguse tu, mwambie, "Wa kulia, mama." Mdako, mpira, kamba, kufunga vifungo, hayo si mambo ya sahani. Mwache ayafanye kwa mkono aliopewa na Mungu. Mtoto wa umri huu akiruka na kudaka hujiona anaweza. Akianguka kila siku hasemi gauni limenifunga, husema mimi mbovu, na ndivyo alivyokwambia.

Basi fumua magauni yote matatu leo hii, naye akitazama. Mama mkwe mwambie kwa heshima kuwa adabu ya sahani utaisimamia wewe. Akizidi, Mahmud aongee naye, ni mama yake. Mtaroni usimbebe wala usimsukume. Anzeni pale ulipo mwembamba, wewe simama ng'ambo, mpe kidole kimoja ashike, na akishazoea usimpe. Akianguka, usipige kelele. Siku ya chuo mpeleke mwenyewe, umweleze mwalimu mapema.

Liko moja ambalo hukuniuliza. Mtoto anaamini mikono yake ndiyo yenye kosa, na kufumua uzi hakutamwondolea hilo. Mkalishe, mtazame, mwambie kosa lilikuwa langu, mwanangu, nisamehe. Ukiona aibu kumwomba radhi mtoto wa miaka sita, fikiri yeye ameona aibu kiasi gani mwezi huu wote.