Wimbo Wako Umefika Kanisani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze mazungumzo na mkubwa bila shikamoo, hata kama nimekuja kugomba. Na nimekuja kugomba. Swali lililoninyima raha tangu mvua za vuli zilipoanza ni hili: kule Mabira, Baba, ulikuwa na nani? Nisikilize mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Ilianza Jumamosi moja kanisani. Unakumbuka kwamba kila mwaka, kabla ya Jumapili ya mavuno, watoto wa Shule ya Jumapili hukusanywa kwa mazoezi ya kwaya, na akina mama hupeana zamu ya kuwapikia uji. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nyuma ya kanisa nakoroga sufuria, ndani ngoma inapigwa, mara nikasikia sauti ya mtoto mmoja inapanda peke yake. Maneno yalikuwa ya kumshukuru Mungu kwa mvua, kwa ndizi na kwa maziwa. Lakini mahadhi yalikuwa yako. Ulikuwa ule wimbo wako wa kunyweshea ng'ombe. Uji ukaungua, na mpaka leo akina mama wananisema.

Nisingeweza kukosea. Wakati wa kiangazi ulikuwa unasimama kisimani umekunja suruali hadi magotini, unachota maji na kuyamimina kwenye birika la udongo, na kila ndoo ilikuwa na mstari wake. Ng'ombe wetu na zile pembe zao ndefu walingoja zamu bila kusukumana. Mimi nilikaa juu ya kichuguu nimeshika fimbo isiyo na kazi. Ulipofika mahali pa ndama katika wimbo uliishusha sauti ikawa kama unanong'ona, na ndama walisogea. Siku moja kijana wa jirani aliuiga kwa mzaha, ukamfuata na fimbo. "Kila mchungaji na wimbo wake," ulimwambia. "Ukiuchukua wangu, ng'ombe wangu watakufuata wewe." Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Kaka hakujali kujifunza, alikuwa anaiwaza Mwanza tu. Mimi nilipokuomba unifundishe, ulisema nina maswali mengi kuliko masikio.

Kwa hiyo nilingoja mazoezi yaishe, nikamfuata Mwalimu Jonasi, kijana anayefundisha kwaya ya watoto siku hizi. Nikamuuliza wimbo ule kautoa wapi.

"Aa, mama, mimi nimeweka maneno tu," akasema. "Mahadhi kayaleta huyu."

Akanionyesha binti wa miaka kama tisa, Kokugonza, anayelamba kikombe cha uji ulioungua kana kwamba ni asali. Nikamuuliza Mwalimu ni mtoto wa nani. Akasema ni mgeni, kaletwa na wazazi wake akae na bibi yake anayelima migomba huko bondeni. Wazazi wako wapi? Mabira.

Kisha yule mtoto akacheka na mwenzake, nikauona mwanya kwenye meno yake ya mbele. Mwanya kama wako, Baba. Najua nusu ya watu wa Kyerwa wana mwanya. Lakini nusu ya watu wa Kyerwa hawaimbi wimbo wako.

Basi nikaanza kukupeleleza. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa unahamisha ng'ombe kwenda malisho ya Mabira kila kiangazi kilipokaza, unakaa huko hadi mvua, unarudi umenenepa. Nani alikuwa anakupikia? Nilikumbuka ile ekyanzi, chombo cha mti cha maziwa, uliyorudi nayo mwaka mmoja, ina kifuniko kilichosukwa kwa mtindo ambao Mama hausuki. Ulisema umepewa na rafiki. Rafiki gani wa kiume anayemsukia mwenzake kifuniko? Nilipokuwa mdogo niliamini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wewe mwenyewe ulinifundisha kutomwamini mchuuzi wa maziwa hata akiapa, kuangalia kwato za ng'ombe kabla ya kusikiliza sifa zake. Sasa nilikuwa naziangalia zako.

Niliwapitia wote ambao wangeweza kumfundisha yule mtoto. Mchungaji tuliyemwajiri kwa ajili ya ng'ombe wachache waliobaki anatoka upande wa Murongo, ana mluzi wake mwenyewe. Kaka haujui. Mama nilimruka, kwa sababu Mama haimbi. Unakumbuka ulivyokuwa unamtania? Anafungua kitabu cha nyimbo, anafuata mistari kwa kidole, midomo inacheza, sauti haitoki. Ulimwambia Mungu atamuuliza kitabu kile alikinunua cha nini. Kwa hiyo nilibaki na jibu moja tu, na jibu hilo lilikuwa linaishi Mabira.

Jumamosi iliyofuata nilimvizia Kokugonza njiani na karanga mkononi. Nikamwambia wimbo wake mzuri sana, nani kamfundisha? Akatafuna karanga zote, akajipangusa mikono kwenye gauni.

"Nimeambiwa nisiseme."

"Umeambiwa na nani?"

"Nikisema nani, si nitakuwa nimesema?"

Sikumpenda mtoto yule siku ile, na nadhani ni kwa sababu alinizidi akili.

Nikateremka hadi kwa bibi yake. Nilimkuta anamenya ndizi, akanikaribisha kwa heshima, "Karibu waitu," akanipa kigoda. Nililitaja jina lako ghafla, katikati ya habari za mvua, nimemkazia macho nione kama kisu kitasita. Hakikusita. Akasema alisikia ulikuwa mtu mwema, upumzike kwa amani. Nilipomuuliza kuhusu wimbo, alicheka. "Mjukuu wangu anaokota nyimbo kama kuku anavyookota senene. Siwezi kumfuata kila mahali." Nikarudi nyumbani nimeshuku zaidi, kwa sababu mtu asiye na la kuficha hacheki hivyo.

Lakini Baba, si wivu wangu ulioninyima usingizi. Ni Mama. Jumapili ya mavuno Mama angekaa benchi la mbele, mahali pake pa siku zote, na mtoto mwenye mwanya angesimama mbele yake kuimba wimbo wa mumewe. Mama si mjinga. Angejua kama nilivyojua mimi, na mbele ya kanisa zima. Miaka yote ile aliyokupasulia kuni na kukuoshea vyombo vya maziwa ingeharibika kwa mistari minne. Nikaapa hilo halitatokea mimi nikiwa hai.

Nilimwendea Mwalimu Jonasi nikamwomba abadilishe wimbo. Akaniangalia kwa jicho la pembeni akasema watoto wanaujua huo tu vizuri. Jioni yake nikasikia watu wanasema nataka Kokugonza aondolewe ili mwanangu aongoze. Mwanangu, Baba, anayeimba kama mlango usiopakwa mafuta! Basi nikamgeukia Mama mwenyewe. Nikamwambia mvua itakuwa kubwa, magoti yake yatauma, abaki nyumbani, nitamletea sehemu yake ya chakula.

"Unanificha nini?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Haya. Nitakuja nione hicho ambacho hakipo."

Jumapili kanisa lilipambwa migomba mlangoni. Watu walileta mikungu, viazi, kahawa, kuku waliofungwa miguu wakapiga kelele wakati wa sala, na mzee mmoja akaleta mbuzi aliyekula maua ya madhabahu kabla ya mnada kuanza. Mimi sikucheka. Nilikaa ubavuni kwa Mama, na watoto waliposimama nikamshika mkono. Nikamnong'oneza, "Mama, twende nje, nasikia kizunguzungu." Akasema, "Nenda." Akauvuta mkono wake.

Kokugonza akaanza. Alikwenda vizuri, ngoma nyuma yake, mpaka alipofika pale pa ndama, pale sauti inaposhuka. Pakamponyoka. Akasimama, mdomo wazi, Mwalimu anapunga mikono bure, watoto wengine kimya. Ndipo nikasikia mstari ule unatoka ubavuni mwangu. Ulikuwa wa chini, wa kukwaruza, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake. Mama alikuwa anaimba. Hakusimama wala hakufungua kitabu. Alimtazama yule mtoto tu, akamvusha, mtoto akaupokea wimbo akaendelea. Kanisa zima liligeuka. Mimi ndiye pekee niliyeangalia chini.

Nilijizuia hadi tulipokuwa njiani kurudi, tumejifunika mwavuli mmoja.

"Mama, kumbe ni wewe."

"Ni mimi nini?"

Akanieleza bila haraka. Bibi yake Kokugonza humtuma kwetu kununua maziwa jioni. Yule mchungaji wa Murongo akishawaingiza ng'ombe anakwenda zake, na nyumba inabaki kimya. Jioni moja Mama alijikuta anauimba wimbo wako huku anampimia mtoto maziwa. Alikuwa amekusikiliza ukiuimba maisha yake yote, hata hakujua kama umemwingia. Mtoto akaurudia papo hapo. Kesho yake akaja mapema ili waimbe tena.

"Sasa kwa nini ulimkataza asiseme?"

"Kwa sababu ungekuja."

Tukatembea. Nilitaka ninyamaze, nikashindwa. Nikamuuliza kwa nini amempa mtoto wa watu na si mimi niliyetoka tumboni mwake, mimi ambaye nakaa mwendo mfupi tu kutoka kwake na wimbo ule ni wa baba yangu.

Mama alisimama. Mvua ilikuwa inapiga mwavuli. "Yule nikimwimbia, anaimba," akasema. "Wewe ungeniuliza kwa nini nalia."

Tangu tulipokuzika nimekuwa nakwenda kwake karibu kila siku, na kila siku nakwenda na maswali: umekula, umelala, nani alikuja, alitaka nini, mchungaji kakupunja. Nilidhani huko ndiko kumtunza. Kumbe alikuwa anangoja niondoke ndipo akulilie.

Kwa hiyo Mabira nimekusamehe, au niseme nimekuacha huru kwa kukosa ushahidi. Kuhusu kile kifuniko, Mama nilipomtajia alicheka tu na kugeukia jiko. Sijaridhika.

Jana jioni nilikwenda kwake saa ya maziwa. Kokugonza alikuwepo na kopo lake. Nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Mama aliniangalia kidogo, kama anayepima mtu mlangoni, kisha akaanza kumimina, na wimbo ukaanza. Alipofika pale pa ndama machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. Ulimi uliniwasha, Baba, Mungu ndiye shahidi. Sikuuliza neno. Mstari uliporudi mwanzo, nikaimba naye.

Pumzika salama. Huku tuko watatu jioni.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.