Alama Sabini na Nane Ambazo Sikuzipata

Gunsan, Korea Kusini,
2 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo Gil-rye,

Habari za huko Buenos Aires? Nadhani baridi imeanza kuwaingia wakati sisi huku tunatoa feni stoo. Na goti lako je? Mama anasema uliteleza kwenye ngazi za karakana, na bado kila siku unakwenda kukata nguo kana kwamba vitambaa vitaoza. Pumzika, tafadhali. Baba Mdogo Chang-sik naye apunguze sigara. Natumaini Marisol na Tadeo masomo yanawaendea vizuri kuliko yalivyoniendea mimi.

Sisi hatujambo. Mama hajambo, duka lake la vitoweo halijambo, majani ya figili yamestawi mwaka huu. Mimi nami sina homa wala kikohozi.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Ulikuwa unalia na kucheka kwa pamoja, cherehani zikinguruma nyuma yako, ukasema mchungaji amelitangaza jina langu mbele ya kanisa zima. Ahsante sana. Sasa nakuomba uketi. Sikufaulu ule mtihani. Hata kuufanya sikuufanya.

Naandika hivi na moyo wala hauendi mbio. Ndivyo nilivyo tangu Januari, na sababu siijui. Cha kuuma hakiumi, cha kuchekesha nakicheka kwa sababu wengine wanacheka. Umewahi kuulalia mkono mpaka ukafa ganzi? Unauona ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu. Basi mimi niko hivyo mwili mzima, na nimeshazoea.

Unajua kwamba huu ni mwaka wa nne nausomea mtihani wa kazi ya serikali. Usichojua ni kwamba sikuwa nikisoma peke yangu. Tuna chumba mtandaoni. Kila mtu anaifunga simu yake juu ya meza, kamera ikitazama chini, ionyeshe mikono na kitabu basi. Sauti tunazima. Uso hauonekani, jina halisi halitajwi. Saa mbili kamili asubuhi unawasha. Ukitaka kuinuka unaacha kikaratasi mezani, "choo" au "chakula". Ukipotea dakika ishirini bila kikaratasi unapigwa msalaba, na misalaba mitatu kwa wiki unatolewa. Ni sheria za kijeshi, lakini tulizitunga wenyewe.

Tulianza sita, tukabaki watatu. Mimi naitwa Shayiri. Karoti ni binti wa Busan, ana miaka ishirini na minne, na hugonga kalamu mara tatu kabla ya kujibu swali. Gudulia ni mwanamume mtu mzima, ana kovu la moto kwenye kidole gumba, humenya chungwa ganda likatoka refu bila kukatika. Mwaka juzi aliacha kikaratasi kilichoandikwa "siku tatu", akaondoka. Hatukuuliza, maana siku tatu ni za msiba. Meza yake tupu ilikaa nasi siku zote hizo, na hakuna aliyempiga msalaba. Aliporudi Karoti alimwandikia, "Kaka, tumekuacha kurasa hamsini, kaza mwendo." Yeye akainua kile kidole chenye kovu, tukaendelea kusoma.

Ukiniuliza marafiki zangu ni nani, ni hao. Sina wengine. Wale wa shule wameolewa au wameajiriwa, na mtu anayesomea mtihani mwaka wa nne watu humwacha kwa huruma, wasimsumbue.

Kuna desturi moja mle chumbani. Anayepita mtihani wa kuandika huondoka kwenda kujiandaa kwa usaili, na siku ya kuondoka, siku hiyo tu, huiinua kamera akaonyesha uso wake. Tunawasha sauti, tunampigia makofi, anazima, na hatumwoni tena. Nimeziona nyuso tatu kwa njia hiyo.

Siku ya mtihani, Jumamosi moja ya Aprili, nilipanda basi la alfajiri mpaka Jeonju kwenye shule niliyopangiwa. Kitambulisho nilikuwa nacho, na kalamu ya kujazia majibu pia. Wazazi wa watu walikuwa wamesimama langoni wanaomba. Laiti ningekuambia niliogopa, ungenielewa upesi. Sikuogopa. Niligeuka tu kama mtu aliyekumbuka kitu dukani, nikarudi stendi.

Mama alikuwa sokoni. Nikaingia chumbani kwangu na kuwasha kamera, kwa mazoea tu, kwani siku ya mtihani chumba huwa kitupu, watu wote wameenda. Saa nne ilipogonga, kisanduku cha pili kwenye skrini kikawaka. Nikaiona mikono, na kovu kwenye kidole gumba. Kumbe Gudulia naye hakwenda.

Hatukuandikiana neno. Nilifungua maswali ya mwaka jana, naye akafungua yake, tukayafanya dakika mia moja kamili kana kwamba kuna msimamizi nyuma yetu. Muda ulipokwisha aliweka kalamu chini, nami nikaweka yangu. Akazima. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siku ile kata tulikuwa wawili.

Sasa sikiliza nilivyojiponza. Jioni ya mtihani majibu hutolewa, kila mtu hujisahihisha na kuandika alama zake chumbani. Karoti aliandika sabini na saba. Mwaka uliopita katika idara ile tuliyoomba sote, mstari wa kupita ulikuwa themanini na nne. "Nimekwisha, dada," akaandika. "Wewe umepata ngapi?" Nikaandika sabini na nane. Nilitaka alama iliyo jirani na yake, asijione kaanguka shimoni peke yake. Gudulia aliandika sitini. Karoti akatutumia vikatuni vya watu wanaolia, tukamjibu na vyetu, ikaisha.

Haikuisha. Mwaka huu maswali yalikuwa magumu kwa kila mtu, na mwezi wa Mei mstari ulipotangazwa ulikuwa umeshuka hadi sabini na nane. Wa kwanza kunipongeza ni Karoti, yeye aliyekosa kwa swali moja. "DADAAA UMEPITA! Si nilikwambia!" Vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi. Ningeweza kusema saa ile ile. Niliandika: Ahsanteni.

Tukapanga siku ya kuniaga, wiki mbili mbele. Nikajiambia nina wiki mbili za kutafuta neno la kusema, na wiki mbili zikapita sijalitafuta.

Katikati ya hapo ikaja keki, Karoti kaituma kwa niaba ya wote wawili. Anwani zetu tunazo kwa sababu huazimana vitabu kwa posta, na mimi vyangu hutumwa dukani. Mama akafungua boksi, akakuta kadi: Hongera Shayiri wetu kwa kupita, usitusahau. Mama Mdogo, unamjua dada yako. Kufika adhuhuri soko zima lilikuwa limejaa dukani kwetu.

"Miaka minne!" akasema mama wa duka la samaki. "Mimi nilijua huyu atatuzeekea mikononi."

"Zeeka wewe na samaki wako," Mama akamjibu.

Fundi viatu akauliza kama usaili nao umeshapita. "Usaili?" Mama akasema. "Watamkataa kwa lipi? Ana macho mawili na adabu." Kesho yake chama cha wafanyabiashara kikatundika bango la kitambaa kwenye lango la soko, herufi nyekundu: BINTI WA DUKA LA VITOWEO AMEPITA. Mimi nilikuwa hapo hapo nikikata keki. Nilikata vipande kumi na vinne, vyote sawa. Ndipo Mama akakupigia wewe.

Jumamosi ya kuniaga ikafika. Ningeonyesha uso, nikapigiwa makofi, nikazima, hakuna ambaye angejua mpaka leo. Gudulia si mtu wa kusema. Lakini hapo ningekuwa nimewapoteza wote wawili kwa mtihani ambao hata sikuufanya. Au niseme, nao waamue kama wananitaka. Nilipima hivyo kichwani, taratibu, kama mtu anayechagua viatu vya mtu mwingine.

Saa nne asubuhi nikainua kamera. Sauti zikawashwa.

"Kumbe una mashavu!" Karoti akacheka. Sauti yake ni nene kuliko nilivyodhani. "Siku zote nakuwaza mwembamba kama penseli. Makofi jamani, Kaka Gudulia, piga makofi!"

"Sikufanya mtihani," nikasema. "Nilifika langoni nikarudi. Zile alama nilizitunga."

Mikono ya Karoti ilikuwa hewani tayari kwa makofi. Ikabaki vile vile.

"Kwa nini sabini na nane?"

Nikamwambia. "Nilitaka kuwa karibu na wewe."

"Mimi nimekosa swali moja, dada. Moja! Kila nikiamka nalifikiria swali hilo, najiuliza mbona Dada Shayiri aliliweza, mimi nina kichwa gani. Kumbe wewe hata hukuliona." Kisha kisanduku chake kikawa cheusi.

Hilo liliuma. Nakuambia wazi kwa sababu ni kitu cha kwanza kuniuma tangu Januari. Nilikaa nalo pale mezani, sikujua la kufanya nalo.

Gudulia alikuwa bado yupo. Akakohoa, akasema, "Mimi pia sikwenda. Huu mwaka wa pili siendi." Sauti ya mtu asiyezungumza sana. Halafu akasema, "Jumatatu saa mbili?" Nikasema saa mbili. "Usichelewe, nitakupiga msalaba."

Siku hiyo hiyo nilikwenda dukani. Mama alikuwa anapaka pilipili majani ya figili ya kutengenezea kimchi, glavu nyekundu mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Hakuacha kazi. Alipaka mpaka beseni likaisha, ndipo akauliza, "Wale waliotuma keki, umeshawaambia?"

"Nimewaambia."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako."

"Sawa. Keki ni yao." Akavua glavu, akaazima ngazi kwa fundi viatu, akaenda langoni kulishusha bango kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilitaka kupanda, akakataa. Mama wa samaki aliishika ngazi. Bango sasa linafunika mapipa ya kimchi. Mama anasema ni kitambaa kizuri, hakitupwi.

Usidhani alilichukua kirahisi. Siku mbili hakunisemesha ila kwa mambo ya duka, na nilimsikia akivuta pumzi ndefu huku anahesabu makopo. Siku ya tatu akajaza kopo moja kubwa la kimchi, akalifunga mara tatu, akalisukuma mbele yangu. "Huyo mtoto wa Busan. Anwani yake si unayo?" Nikalipeleka posta. Wiki imekwisha sasa, na kisanduku cha Karoti bado ni cheusi. Mimi na Gudulia hatujampiga msalaba.

Kisha Mama akaniambia: "Kwa Gil-rye mimi nilitangaza kwa mdomo wangu, wewe utatangua kwa mkono wako." Ndiyo maana umepata barua badala ya simu. Nisamehe kwa aibu niliyokutia mbele ya mchungaji na watu wa kanisani. Waambie ukweli kama ulivyo, usiupambe. Kama wakiuliza sasa nitafanya nini, sema hajui. Asubuhi nasaidia dukani mpaka saa mbili, kisha nakaa mezani. Sijafungua kitabu cha mtihani tangu siku ile. Nasoma magazeti, nafanya hesabu za duka, leo nakuandikia wewe, kamera ikiwa juu ya mkono wangu. Gudulia anaona naandika. Hajauliza ninamwandikia nani.

Nisalimie Baba Mdogo Chang-sik. Wasalimie sana Marisol na Tadeo. Tadeo mwambie picha ya mbwa imefika, Mama ameibandika dukani karibu na mizani. Mama anakusalimu, anasema goti lifunge kitambaa cha joto usijifanye kijana. Mungu awalinde katika baridi hiyo, awape kazi isiyowachosha na usingizi wa kutosha.

Nilikuwa naweka nukta hapo nifunge barua. Kisanduku cha Karoti kimewaka. Ni mikono yake, kucha amezitafuna. Hajafungua kitabu. Ameandika kwenye karatasi kwa kalamu nene na kuisukuma mbele ya kamera: KIMCHI YA MAMA YAKO INA CHUMVI MNO. NIMEIMALIZA. Sasa ameigeuza karatasi, ameandika upande wa pili: BADO NIMEKASIRIKA. Ameiacha hapo mezani, na amekaa.

Sijalia, Mama Mdogo. Ila mkono unanitetemeka, wewe utauona kwenye mwandiko huu, na wao wawili wanauona sasa hivi.

Mwanao anayekupenda daima,
Pyo Ha-yeong