Ufunguo wa Vyoo vya Shule

Dada yangu mpenzi,

Huku wazima. Kichanga anaota meno, na usingizi nausikia kwa jirani tu. Juzi diwani alikuja kuzindua vyoo vya shule mara ya pili: utepe mpya, kufuli lile lile. Mwalimu mkuu huvifunga, eti visichafuke! Binti yangu alishaacha kunywa maji shuleni, akaugua njia ya mkojo wiki nzima. Sikukwambia, ungehangaika bure. Basi nikasimama, mtoto mgongoni: "Mheshimiwa, utepe umeukata, tukatie na kufuli." Watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu akapapasa mifuko, akafungua. Watoto walimpita diwani mbio, hotuba bado iko mdomoni. Sasa mtaa mzima waniita Mama Choo, nami naitika kwa sauti.

Mdogo wako akupendaye